Saa Sita ya Greenwich, Saa Tisa ya Wete

Niliswali isha, nikanywa chai yangu bila ya haraka, nikafungua kompyuta nikijihesabia saa nne za akiba. Tangazo la ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza lilisema mwisho wa kutuma maombi ni 12:00 GMT, na mimi nimekua nikijua kwamba siku huisha saa sita usiku. Ukurasa ulipofunguka, pale penye kitufe cha kutuma palikuwa na mstari mmoja wa kijivu: maombi yamefungwa. Yalifungwa saa tisa alasiri, wakati nimekaa jamvini na mama, nyumbani Wete, Pemba, tunachambua karafuu na makonyo yake huku nikimsimulia baridi ya huko ninakokwenda.

Kwa asiyejua hesabu hii, na nimegundua wasioijua ni wengi kuliko wanaokiri: 12:00 ikiandikwa hivyo ni adhuhuri. Tena ni adhuhuri ya Greenwich, ambako saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Saa sita yao ya mchana ni saa tisa yetu ya alasiri. Wangeliandika 23:59, ningekuwa na muda mpaka karibu saa tisa ya usiku wetu, nikatuma na kulala. Lakini hawakuandika hivyo, na mimi sikuuliza.

Nilimaliza chuo na GPA ya 4.6 kati ya 5. Daraja la kwanza kwetu huanzia 4.4, kwa hiyo hapakuwa na ubishi juu ya cheti changu. Mtaa mzima ulijua. Shangazi yangu wa Kikwajuni, Unguja mjini, alipika biriani. Na mimi, kusema kweli, niliamini kwamba mwenye alama kama hizo hatafuti fursa. Fursa ndiyo humtafuta yeye, kama vile posa.

Ninaandika haya mwezi wa Oktoba, wakati ambao simu yangu hujaa. Vijana wa mwaka wa mwisho wenye alama nzuri huniuliza, "Dada, kuna nini kinachokuja?" Huuliza kama mtu anayeulizia boti ya kesho inaondoka saa ngapi. Nitawaambia kinachokuja, nao wastahamili kwanza nimalize haya ya kwangu, kwa sababu ile saa tisa haikuwa kosa la kwanza. Ilikuwa la mwisho katika msururu ulioanza miaka mitatu nyuma.

Kosa la kwanza lilianzia kwenye feni. Ukumbi wetu wa mihadhara ulikuwa na joto, na mimi nilikuwa na kiti changu chini ya feni, safu ya pili kutoka nyuma. Tulikuwa kama mia mbili. Nilisikiliza, nikaandika, nikaenda maktaba, nikafaulu. Katika miaka mitatu sikumbuki kama niliwahi kunyoosha mkono. Nilipotaka barua ya mapendekezo nikaenda kugonga kwa mwalimu aliyenifundisha masomo mengi kuliko wote.

"Assalaam alaykum, mwalimu."

"Wa alaykumu ssalaam. Karibu, kaa. Wewe vile ni wa mwaka gani?"

Nilikuwa nimeshamaliza. Nikamwambia jina, naye akalitafuta kwenye kompyuta. Alipoliona alifurahi kweli.

"Maa shaa Allah, alama hizi! Nimekufundisha masomo matatu?"

"Manne, mwalimu."

Alicheka kwa haya, kisha akavua miwani. "Sasa mwanangu, nikwambie kweli. Hawa watu wananiuliza mwanafunzi huyu anafikiri vipi, akikwama hufanya nini, nimemuona akiongoza jambo gani. Mimi nina namba yako tu. Niandike nini?"

Nilitoka pale nimeudhika naye kwa muda wa mwezi mzima. Baadaye niliona kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza aliyenieleza kazi hii inavyokwenda. Barua aliandika, mistari sita, yote ya kweli, na kila mstari ungeweza kuandikwa juu ya msichana mwengine yeyote aliyefaulu.

Kosa la pili lilikuwa herufi moja. Cheti changu cha kuzaliwa kinamwita baba Khamis. Kitambulisho cha Mzanzibari, Khamis. Cheti cha kidato cha nne, Hamis. Miaka yote hiyo herufi K ilikaa kimya, mpaka nilipotaka pasipoti. Nikaambiwa majina hayalingani. Basi kwa sheha kuchukua barua, kwa wakili kula kiapo kwamba Khamis na Hamis ni mtu mmoja, na huyo mtu mmoja yuko hai, amekaa barazani, anakunywa kahawa, na hakuna anayehitaji ushahidi wake. Zilikwenda wiki tano. Pasipoti yenyewe ilikuwa shilingi 150,000, na fedha hiyo mama aliitoa kwenye karafuu baada ya kupeleka mzigo kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Nilimsikia usiku anahesabu pishi za wachumaji, nani amelipwa na nani bado, na pasipoti yangu imekaa katikati ya hesabu ile.

Ndugu yangu uliye mwaka wa kwanza, vitoe vyeti vyako leo uviweke sakafuni kimoja kimoja, usome majina herufi kwa herufi. Ukiona Salum kwenye kimoja na Salim kwenye chengine, unayo miaka miwili ya kurekebisha taratibu. Ukiliona jambo hilo wiki ya mwisho huna kitu.

Baada ya ile saa tisa nilirudi kufundisha kwa kujitolea katika skuli ya sekondari karibu na nyumbani. Nilikuwa na hasira, na hasira ina faida zake, maana hunifanya nipange mambo. Mwaka wa tatu nilikuwa nimefanya utafiti mdogo juu ya maneno ya kazi ya karafuu Pemba. Ulipata A ukawekwa kabatini. Nikasikia kuna kongamano la Kiswahili Unguja na wanapokea mada za vijana. Nilisita. Nauli ya boti, mahali pa kulala, na yote hayo kwa dakika kumi na tano za kusema mbele ya watu ambao pengine watakuwa wanakwenda kunywa chai. Aliyenisukuma ni mama. "Umetusumbua miezi mitatu unatuuliza hiki mnakiitaje, kile mnakiitaje. Nenda basi ukawaambie."

Walikuwepo watu kumi na wanane ukumbini. Mzee mmoja, profesa mstaafu, alinyanyuka akanipinga. Alisema neno moja nililoliandika si la Pemba nzima, ni la kaskazini tu, na kama ningekwenda Mkoani, kusini, nisingelisikia. Nilimjibu kwamba Mkoani nilikwenda, na nikamtajia kijiji na umri wa mwanamke aliyenipa neno hilo. Tukabishana. Mwenyekiti akatunyamazisha kwa sababu ya muda, tukaendelea kubishana nje tumeshika vikombe. Mwaka mmoja baadaye, nilipohitaji barua, nilimwandikia yeye. Alijaza kurasa mbili. Aliandika kwamba nilimpinga kwa adabu na kwamba nilikuwa na haki.

Kwa barua hiyo nilipata nafasi ya kwenda Marekani kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo, katika programu ya Fulbright ya walimu wasaidizi wa lugha za kigeni. Programu ile ilitaka watu wa umri wa miaka 21 mpaka 29, wenye shahada ya kwanza, Kiingereza cha kutosha na nia ya kurudi nyumbani. Haikuwa shahada ya pili niliyoiota, na kuna jamaa walioniambia napoteza muda. Sikupoteza.

Darasani kwangu walikuwemo wanafunzi watatu wa kile wanachokiita programu ya honazi. Neno hilo kwetu limebaki kwenye cheti tu, kule ni maisha. Wanafunzi wachache wenye alama za juu hupewa semina za watu kumi au kumi na tano, mshauri wao, na tasnifu ya kuandika mwaka wa mwisho. Jambo hili lina historia: chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, kilianza programu yake mwaka 1922 chini ya rais wake Frank Aydelotte, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes na akapendezwa na mwalimu kukaa na wanafunzi wachache wakabishana. Mambo ya kubishana tena.

Kilichonishangaza zaidi ni barua yao ya kila Jumatatu. Mmoja wa wanafunzi wangu alinionesha. Yote yanayokuja yamepangwa humo: Jumatano chakula cha mchana na mtafiti fulani, viti kumi na mbili, Alkhamis warsha ya kuandika pendekezo la tasnifu, wiki tatu zijazo ni mwisho wa kuomba kibali cha chuo. Hili la kibali sikuwa nalijua kabisa. Mmarekani akitaka Rhodes au Marshall za kwenda Uingereza, au ya Truman ambayo ni ya walio mwaka wa tatu wa chuo chao cha miaka minne, lazima kwanza chuo chake kimpitishe. Kwa hiyo chuo huweka tarehe yake ya ndani, mapema kuliko ile inayotangazwa ulimwenguni. Mwanafunzi yule alikuwa ameiandika karatasi yake ya kujieleza mara kumi na moja. Hakuwa na akili kuliko vijana wa kwetu. Nimewafundisha wote, naweza kuapa.

Sikupenda kila kitu. Barua ile ya Jumatatu iliwafikia wale wachache tu, na wenzao waliokaa nao meza moja hawakuijua. Nilikuwa na kijana mmoja asiye wa honazi, mtoto wa dereva wa lori, aliyekisema Kiswahili vizuri kuwashinda wote watatu, na hakuna aliyemwalika chakula cha mchana na mtafiti yeyote. Kwetu angalau tunafichwa sote sawasawa.

Niliporudi nilianza barua yangu, kwa watu kumi na wawili ninaowajua, nao wakapelekeana. Haya ndiyo niliyoandika humo msimu huu, na mwenye kusoma asome tangazo lenyewe vilevile, maana masharti hubadilika.

Kwanza acheni kuomba Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza wa shahada ya pili, mkiwa ndio kwanza mmevua joho. Wanataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na hizo ni kama miaka miwili. Lakini kazi ya kujitolea huhesabika, na hapa ndipo wengi wetu tunapojidhulumu. Unafundisha tuisheni, unasaidia tamasha la Sauti za Busara Ngome Kongwe mwezi wa Februari, unashinda wiki nzima kwenye tamasha la filamu la ZIFF unawapangia wageni viti, na huandiki popote. Chukua daftari la kurasa 40. Andika tarehe, saa, na jina la aliyekusimamia. Likijaa, ndiyo fursa yako hiyo.

Kwa aliye mwaka wa mwisho sasa hivi, kilicho karibu ni Erasmus Mundus. Ni shahada za pili zinazosomwa katika nchi mbili au zaidi, ufadhili wake ni yuro 1,400 kwa mwezi, na programu nyingi hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Huhitaji kusubiri kumaliza. Wengi hapa hawajui jambo hili, hukaa wakisubiri cheti mpaka mlango umefungwa. Ufadhili wa Uturuki nao huwa ni kati ya tarehe 10 Januari na 20 Februari, maombi ni bure, na kwa shahada ya pili uwe hujatimiza miaka 30. Mtu akikutoza fedha ya kukujazia fomu ya Uturuki, ujue anakuuzia maji ya mvua. Nafasi za ufadhili za Jumuiya ya Madola hufungwa mapema kwenye msimu huu huu wa vuli, nazo zinataka angalau daraja la pili la juu, kwa hiyo mwenye 3.5 asijitoe kwenye safu kwa kuwa jirani yake ana 4.7. Mtihani wa Kiingereza fanyeni mapema, ila si mapema mno: cheti cha IELTS huishi miaka miwili, kisha ni karatasi.

Na si kila fursa ina bahari ya kuvuka. Mwaka 2023 IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ilifungua tawi lake Bweleo, Unguja, la kwanza nje ya India kwa vyuo vya aina hiyo, na linafundisha sayansi ya data na akili mnemba. Gari la abiria linakufikisha. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Buyu, na WIOMSA, jumuiya ya watafiti wa bahari ya Hindi ya magharibi, makao yake ni hapa hapa Unguja tangu miaka ya tisini. Hutoa ruzuku za utafiti na kongamano lake huzunguka nchi za ukanda huu. Nimekutana na mwanafunzi wa biolojia aliyejua kila ufadhili wa Ujerumani na hajui kwamba ofisi hiyo ipo kisiwani kwake. Watu wa Kiswahili nao wana tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza kuwa ya Kiswahili duniani mwaka 2021, na wana makongamano ya BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar. Nendeni na karatasi. Msiende kupiga picha peke yake.

Barua haikutosha. Watu waliisoma, wakajibu kwa dole gumba, wakalala. Basi kila Jumamosi baada ya laasiri tukaanza kukaa kwenye baraza ya shangazi Kikwajuni, tunasomeana karatasi za kujieleza kwa sauti. Sharti ni moja: asomaye asome karatasi yake mwenyewe, na wanaosikiliza wamkate anapodanganya. Wiki za mwanzo tulicheka mpaka majirani wakachungulia. Watu tisa kati ya kumi na mmoja walianza na "tangu utoto wangu nimekuwa na ndoto". Shangazi, aliyekuwa ndani anakaanga mandazi, akauliza kwani nyinyi wote mmelala nyumba moja?

Alikuwepo binti mmoja wa Micheweni, mwaka wa tatu, GPA 4.5, kimya kama nilivyokuwa mimi. Kwenye sehemu ya uongozi aliacha wazi. Nikamuuliza, akasema hajawahi kuongoza kitu. Hakuwa hata katibu wa jumuiya ya wanafunzi.

"Likizo unafanya nini?"

"Nipo nyumbani tu, dada."

"Nyumbani unafanya nini?"

Ikatoka polepole, kama jino. Kila likizo, kwa miaka miwili, huwasomesha hesabu watoto wa kidato cha pili chini ya mwembe wa babu yake. Walianza wanne, wakafika ishirini na sita. Wazazi wa wavulana walikataa wakae pamoja na wasichana, akagawa zamu. Mwembe ulipokuwa na siafu alihamia ukumbi wa madrasa, na kwa hilo alikwenda mwenyewe kuzungumza na ustadhi. Anayasema haya kama mtu anayeomba radhi. Tulimtaka aandike palepale, na akaandika, na kalamu iliisha wino katikati.

Barua yake ya mapendekezo iliandikwa na ustadhi yule pamoja na mwalimu wa chuo ambaye, baada ya kusikia habari za mwembe, alimwita ofisini akamuuliza maswali kwa nusu saa nzima.

Juzi alituma maombi yake. Tarehe ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Yeye alituma Jumatano saa nne asubuhi, akanipigia huku analia kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha ulichelewa kufika dakika mbili. Kwenye simu yake ameweka saa mbili kiooni, moja ya Greenwich na moja ya nyumbani. Jibu litakuja Machi, au halitakuja. Jumamosi alifika barazani na kopo la visheti alilotumiwa kutoka Pemba, akakaa mahali pake karibu na mlango, akafungua karatasi nyengine. Hii ni ya kongamano. Amebadilisha mwanzo, lakini sentensi ya tatu bado inadanganya, na tulimkata.